Kung'aa ili Usijulikane: Je, Rangi Kali ni Uongo?

Wahenga walisema: Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya watu wa vyombo vya majini, lakini hata sisi wa Kabambare, tulio mbali na bahari, tunaitumia kila siku. Tukiona arusi imependeza, tukiona mtu amevaa vizuri, tunajua kwamba nyuma yake kuna mikono iliyofanya kazi, kuna usiku usio na usingizi, na mara nyingi kuna deni. Katika kurasa hizi tunataka kuitumia methali hiyo kwa jambo moja tu: rangi kali. Je, mtu anayevaa rangi ya kung'aa anajionyesha au anajificha? Na kama anajificha, je, anatudanganya?

Neno hili lilianza katika mkutano wetu wa matayarisho ya sikukuu. Wamama walileta vipande viwili vya kikwembe ili tuchague kimoja kiwe vazi letu sote. Cha kwanza kilikuwa cha bluu, kimetulia, chenye maua madogo. Cha pili kilikuwa na mistari mipana myeupe, mieusi na miekundu, inakatana na kupindapinda hata ukikitazama kwa muda unaona kama kinatembea chenyewe. Vijana wote wakakipigia makofi kile cha pili. Muzee mmoja wetu akatikisa kichwa, akauliza: "Hiki cha kuumiza macho, mnataka kuficha nini?"

Vijana wakacheka. Mmoja akajibu: "Muzee, mtu anajifichaje ndani ya rangi kama hii? Kabambare nzima itatuona!"

Muzee hakujibu. Tulirudi nyumbani tukidhani kijana ameshinda. Lakini tulipolifikiri neno lile vizuri, tukaona kwamba muzee ndiye aliyeuliza swali la kweli.

Kujificha na kuchanganya

Kujificha kwa kawaida tunakujua. Ni kufanana na mahali ulipo. Kinyonga anafanya hivyo, nyoka wa majani anafanya hivyo, mwindaji naye. Katika Vita Kuu ya kwanza, meli ya kivita ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg iliingia katika mlango wa mto Rufiji, inchi ambayo leo ni Tanzania, ikakaa humo kati ya mikoko, mabaharia wakiifunika kwa matawi ili ndege na meli za Waingereza zisiione. Ilidumu humo miezi mingi, mpaka Waingereza walipoiharibu mwezi wa saba mwaka 1915. Vita ile si ya wageni tu kwetu. Watu wa mashariki ya Kongo waliitwa kubeba mizigo ya jeshi lililoingia Tabora mwaka 1916, na wengi hawakurudi.

Lakini matawi yanasaidia penye miti. Katikati ya bahari kuu hakuna mti. Meli ni kubwa, inatoa moshi, na rangi ya bahari na mbingu inabadilika kila saa. Ukiipaka rangi ya asubuhi, jioni inaonekana. Mwaka 1917 Wajerumani walikuwa wakizamisha meli za Waingereza kwa nyambizi, yaani meli zinazokwenda chini ya maji, tena kwa wingi wa kutisha. Ndipo mchoraji mmoja Mwingereza, Norman Wilkinson, ambaye alikuwa akitumika katika jeshi la maji, alipoleta wazo lililoonekana kama wazimu. Alisema: kwa kuwa hatuwezi kuificha meli, tuipake rangi za kelele. Tuipake mistari mieusi na myeupe, bluu na kijani, inayokatana hovyohovyo, ili adui aione lakini asijue inaelekea wapi.

Ili tuelewe akili iliyokuwa ndani ya wazo hilo, tumkumbuke mwindaji wetu. Mnyama akikimbia, mwindaji hapeleki mshale pale mnyama alipo. Anaupeleka mbele, pale atakapokuwa. Basi ndivyo ilivyokuwa kwa nyambizi. Kombora lake lilichukua muda kufika, kwa hiyo kapiteni alipaswa kukisia mambo matatu: meli inaelekea wapi, inakwenda mbio kiasi gani, na iko mbali gani. Naye alikuwa na nafasi ya kuchungulia kwa dakika chache tu kupitia periskopu, ile bomba yenye vioo inayotokeza juu ya maji. Kama mistari ya rangi inamfanya aone mbele ya meli kama nyuma, au adhani inageuka kumbe inakwenda moja kwa moja, kombora lake litapita patupu.

Wilkinson na wenzake, na kati yao wanawake wengi waliosoma sanaa, walifanya kazi katika vyumba vya Royal Academy huko London. Walichonga vijimeli vya mbao, wakavipaka rangi, wakaviweka juu ya meza ya kuzunguka, wakavichungulia kwa periskopu kama adui atakavyovichungulia. Mchoro uliowachanganya wao wenyewe ndio uliopelekwa bandarini. Kila meli ilipata mchoro wake, ili adui asije akazoea mmoja. Kabla ya vita kwisha mwaka 1918, meli za biashara zaidi ya 2,000 zilikuwa zimepakwa hivyo. Watu wa pwani wana neno zuri kwa jambo hili: wanasema macho yanafanya kiwi, kama mtu aliyetazama jua kisha akaingia ndani ya nyumba. Meli zile ziliyatia kiwi macho ya adui.

Vita ilipokwisha, rangi zile hazikufa. Mwaka 1919 watu wa London walifanya dansi kubwa wakiwa wamevaa nguo za mistari ya meli, na nguo za kuogelea zikashonwa kwa mfano huo. Hata leo viwanda vya magari vinapojaribu gari jipya barabarani, vinalifunika kwa michoro mieusi na myeupe ya kuzungukazunguka, ili wapiga picha waone gari lakini wasione umbo lake. Kitu kilichobuniwa ili watu wasife majini kimekuwa urembo na siri ya biashara.

Kwetu jambo hili si geni

Msomaji asifikiri kwamba tunasimulia hadithi ya Wazungu ili tujifunze kwao. Upande wa magharibi na kusini mwa Kasongo, kwa ndugu zetu Wasongye, kuna kifuniko cha uso kinachoitwa kifwebe. Ni mti uliochongwa, macho yametokeza, mdomo umesimama mbele, na uso wote umejaa mistari iliyochimbwa na kupakwa rangi. Kifwebe cha kike ni cheupe sana, kimepakwa udongo mweupe. Kifwebe cha kiume kina mgongo mrefu unaosimama kutoka kwenye pua mpaka juu ya kichwa, na rangi zake ni nyekundu, nyeusi na nyeupe kwa nguvu. Nyeupe ni habari ya mwezi, ya usafi na ya amani. Nyekundu ni habari ya damu na ya hatari. Kifwebe cha kike kilicheza katika mambo ya heri. Cha kiume kilitumwa kuogopesha na kusimamia amri za wakubwa.

Sasa tazama. Aliyevaa kifwebe alifunikwa kutoka kichwani mpaka miguuni, kwa nguo ya kusuka na ndevu ndefu za nyuzi. Kila mtu alimwona, hata watoto walikimbia. Lakini hakuna aliyepaswa kusema: "Huyu ni fulani, mwana wa fulani." Rangi ilimtangaza, na kwa kumtangaza ikamficha. Kijana wetu aliyeuliza mtu anajifichaje ndani ya rangi kali angelijibiwa na kifwebe.

Kwa Walega wa Pangi na Shabunda ilikuwa namna nyingine. Katika chama cha Bwami, ambacho utawala wa Wabeljiki ulikikataza mwaka 1948, kulikuwa na vijisura vidogo vya mti vilivyopakwa udongo mweupe. Vile havikuwa vya kuficha uso wa mtu. Vilifungwa mkononi, vilitundikwa kwenye uzio, vilipangwa chini, na kila kimoja kiliamsha methali na mafundisho ya mwenendo mwema. Kwa hiyo wazee wetu walijua tofauti: kuna sura ya kukuzuia usimjue mtu, na kuna sura ya kukufundisha ujijue mwenyewe.

Hata wanyama wanajua. Punda milia, ambao katika inchi yetu wanapatikana Katanga upande wa Upemba, tumezoea kusikia kwamba milia yao inawachanganya simba. Wataalamu bado wanabishana juu ya simba. Lakini mwaka 2019 watafiti waliwavika farasi wa Uingereza mashuka yenye milia, wakaona kwamba nzi wanaouma walikuja karibu kama kawaida, ila walishindwa kutua vizuri. Mnyama aliyeonekana wazi kabisa alipona kuumwa kwa sababu nzi hakujua atue wapi.

Rangi na sisi

Kabambare ilijua nguo tangu zamani. Njia ya misafara kutoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe ilipita hapa. Livingstone alifika hapa mwaka 1869 kwa njia hiyo. Wangwana walileta merikani, yaani pamba nyeupe isiyopakwa rangi, na kaniki ya bluu iliyokolea, wakati ambapo wazee wetu walikuwa wakisuka nguo zao za rafia. Kisha ikaja biashara ya kikwembe. Kikaletwa kutoka Ulaya kwa kuiga michoro ya Java, kikashonwa Kinshasa, kikachapwa Kisangani, mpaka leo kinafika hapa kutoka Bukavu, Uvira na Kalemie, juu ya lori wakati barabara inapokubali, na juu ya baiskeli na pikipiki inapokataa.

Lakini kuna fundisho la rangi ambalo hatukulipata sokoni. Tulilipata porini. Katika vita vya miaka 1998 hadi 2003 watu wengi wa Maniema walikimbia vijiji. Mtu aliyekaa msituni alijua sheria ya kwanza: hapana nguo nyeupe, hapana nyekundu. Shuka jeupe lililoanikwa liliweza kuleta askari. Wamama walipaka matope vikwembe vyao vizuri, na wengine walivizika chini. Nguo ilipochakaa walipasua kipande kimoja kwa watu wawili. Tulijifunza kuwa rangi ya udongo na rangi ya majani. Tulikuwa kama ile meli ya Rufiji.

Halafu siku moja watu wakatoka. Tunakumbuka mama mmoja aliyerudi kijijini, akafukua kikwembe chake cha manjano, akakifua mara tatu mtoni, akakivaa akaenda nacho sokoni ingawa kilikuwa na matundu. Hakuwa na kitu cha kuuza wala cha kununua. Alitembea tu. Watu walisimama kumtazama, na wengine walilia. Rangi ile haikuficha kitu. Ilisema: mimi ni mzima, na siogopi kuonekana.

Basi tumepata kazi tatu za rangi. Kuna rangi ya kufanana na mahali, ili usionekane. Kuna rangi ya kuchanganya, ili uonekane lakini usisomwe. Na kuna rangi ya kushuhudia, ili uonekane na usomwe. Ya kwanza hakuna anayeilaumu, maana anayekimbia kifo ana haki. Ya tatu tunaisifu. Shida yetu ni ile ya pili.

Arusi na matanga

Tunajua jambo ambalo tungependa kulinyamazia, lakini kitabu hiki kina faida gani kama tutaandika mazuri tu? Alikuwako jirani yetu mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi. Mume wake alikuwa amekwenda kutafuta dhahabu, na kwa muda wa miezi minane hakuleta franga hata moja. Yeye na watoto wake walikula mara moja kwa siku, na hakuna aliyejua. Ikaja arusi katika ukoo. Iniforme ilichaguliwa, kikwembe kipya, chenye rangi za moto. Alikikopa. Alikuja akacheza, tena alikuwa wa mbele katika mstari. Sisi wenyewe tulikuwa pale. Tulimpigia vigelegele. Mtu mmoja karibu yetu alisema: "Ule mama hana shida, angalia kikwembe yake."

Majuma machache baadaye mtoto wake mdogo alishikwa na homa. Alingoja, akitumaini itapita, kwa sababu alikuwa bado na deni la kikwembe na aliona haya kuomba tena. Alipobisha mlango wa kwanza, ilikuwa usiku, na mtoto alikuwa amekwisha kulegea. Tulimzika kesho yake. Siku ile ya matanga tulimkuta mama amejifunga kikwembe kile kile cha arusi, maana hakuwa na kingine kizima.

Wazee wanasema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi waliisema methali hiyo chini ya mti wa matanga, na waliisema kama hukumu. Walisema mama yule alituchanganya. Alipaka meli yake rangi, nasi tukadhani inaelekea mashariki, kumbe inazama.

Je, walisema kweli? Kwa upande mmoja, ndiyo. Wilkinson alichanganya macho ya adui aliyetaka kuzamisha. Hakuchanganya macho ya watu wa bandarini ambao kazi yao ni kusaidia meli kuingia salama. Rangi ya kuchanganya ni silaha, na silaha ina upande wake. Ukimwelekezea anayekuwinda, ni akili. Ukimwelekezea ndugu yako, unamnyima nafasi ya kukuokoa. Vivyo hivyo kijana anayetoka machimboni, anayenunua shati la kung'aa na viatu vya kumulika ili baba mkwe adhani kuna mali, anaiba kitu, ijapokuwa hakuna sheria inayomshika. Anaiba uamuzi wa watu wengine. Anawafanya waelekeze maisha ya binti yao pale ambapo yeye hayupo.

Lakini kwa upande mwingine tunauliza: mama yule, adui wake alikuwa nani? Tuseme kweli. Adui wake tulikuwa sisi. Alijua vile tunavyomzungumzia anayekuja arusini na nguo ya zamani. Alijua kicheko kile kidogo, na swali lile la upole lenye sumu: "Wewe hukuipata iniforme?" Alijua kwamba umaskini ukionekana, jina la mume wake litazungushwa kwenye kila kisima. Hakuwa anaficha maradhi ili asipone. Alikuwa anajilinda na makombora ya midomo yetu. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kupaka rangi wakati wewe ndiwe uliyeshika periskopu.

Jicho lenyewe

Hapa kuna habari moja inayofaa. Baada ya vita ile, Waingereza walichunguza kama rangi za Wilkinson ziliokoa meli kweli, wakashindwa kupata uthibitisho ulio wazi. Walichokiona ni kwamba mabaharia walikuwa na moyo zaidi ndani ya meli zilizopakwa. Mwaka 1919 mwanafunzi mmoja huko Marekani alijaribu jambo hilo kwa vijimeli na periskopu, akasema rangi inachanganya sana. Mwaka 2025 wataalamu wa chuo kikuu cha Aston, Uingereza, walizirudia hesabu zake. Waligundua kwamba rangi ilifanya kazi, lakini kidogo. Makosa makubwa zaidi yalitoka katika jicho lenyewe: mtu akitazama meli kwa mbali kutoka usawa wa maji, huwa anaiona kama inafuata mstari wa upeo wa bahari, hata kama haikupakwa kitu.

Yaani jicho lilijidanganya lenyewe kuliko rangi ilivyolidanganya.

Tulipoisoma habari hiyo, tulimkumbuka jirani yetu. Je, kikwembe ndicho kilichotudanganya? Miezi minane mume hayupo, tulijua. Moshi katika jiko lake ulikuwa mara moja kwa siku, na tulipita pale asubuhi na jioni. Watoto walikuwa wamekonda. Tulikuwa na kila alama. Lakini tulimtazama kwa mbali, na mtu anayetazama kwa mbali huona jirani yake anakwenda sambamba naye, anaishi kama yeye, anakula kama yeye. Kikwembe kilitupa tu sababu ya kutouliza. Kwa hiyo uongo ule, kama ulikuwa uongo, tuliushona pamoja naye.

Wengine watasema: basi tuache rangi kali, turudi kwenye merikani, sote tuvae nyeupe. Tunaiheshimu nyeupe. Wamo kati yetu wanaojua kwamba sanda haina fasheni, na kwamba mbele ya Mungu tajiri na maskini wanafungwa kitambaa cha namna moja. Lakini hiyo ni kwa siku ya mwisho. Watu walioishi katika rangi ya matope kwa miaka ya vita wana haki ya nyekundu na ya manjano. Kuwaambia wazime rangi zao ni kuwarudisha porini.

Tena iniforme yenyewe, tukiitazama vizuri, haikuzaliwa kuwa mzigo. Wote wakivaa kikwembe kimoja, mgeni hawezi kujua nani analala na njaa na nani ana mbuzi kumi. Mistari ya mmoja inaingia katika mistari ya mwingine, kama kundi la punda milia, na jicho la dharau halijui litue wapi. Huko ni kuchanganya macho kwa haki, maana wote wanamfunika aliye dhaifu. Uharibifu unaanza pale aliye dhaifu anapolipa bei ya kufunikwa, tena anailipa peke yake, tena kwa deni.

Neno kwa mafundi

Mafundi wetu wa kushona, wachoraji wa vibao na wa kuta, na vijana wanaobuni michoro kwa kompyuta, wanapenda sasa mistari ya kifwebe na rangi za nguvu. Tunawatia moyo. Ni urithi, na urithi usiotumiwa huliwa na mchwa. Ila tunawaomba wakumbuke kwamba kila mstari ulikuwa na kazi. Wilkinson alijua anamchanganya nani. Mchonga kifwebe alijua nyeupe inaitwa wakati gani na nyekundu inaitwa wakati gani. Fundi anayebandika uso wa kifwebe cha kiume juu ya gauni la bibi arusi kwa sababu tu "inapendeza," amechukua rangi akaacha neno lake. Aulize wazee kwanza. Na fundi anayemwona mteja wake anakopa, ampe ushauri wa haki, amwambie: "Mama, mshono huu unaweza kungoja."

Sasa turudi kwenye mkutano wetu. Tulikutana tena, na tulimwomba muzee alirudie swali lake. Akalirudia: "Mnataka kuficha nini?" Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mmoja alisimama akasema: "Tunataka kuficha nani hana." Muzee akanyamaza kidogo, akasema: "Hiyo ni kuficha kwema. Lakini nani atalipa?"

Tulichagua kile kikwembe cha mistari. Tulikubaliana tuchukue cha bei ya chini. Tukaanzisha likilemba ya miezi sita kabla ya sikukuu, kila mtu anatoa alichonacho mkononi mwa mama mmoja tuliyemwamini, asiyetaja hesabu ya mtu, na kila mtu anapata vipande vilivyo sawa. Tulikubaliana pia neno moja ambalo halikuandikwa katika daftari: kwamba kila mmoja atakuwa na nyumba mbili anazoingia jikoni, siyo kusimama uani na kusalimu. Maana nguo tunaiona barabarani, lakini chungu kiko jikoni.

Siku ya sikukuu tuliwaka kweli. Mgeni mmoja kutoka Kasongo alituambia kwamba alipotutazama tukicheza alishindwa kutambua nani ni nani. Tulifurahi. Lakini sisi kwa sisi tulijuana. Katika mstari wa tatu alikuwako jirani yetu, naye amevaa mistari kama sisi. Wachache kati yetu tulijua kwamba asubuhi ile alikuwa amekula, kwa sababu tulikula naye.